Kilichotoka, Kilichoingia

Kila Ijumaa gazeti la Łódź huleta sudoku iliyopinda:
hakuna masanduku ya kistaarabu, tatu kwa tatu,
ila vipande kama vya mkasi uliolewa,
kimoja soksi, kimoja nyoka,
kimoja mkono wa koti uliopoteza bega.
Bi Bogumiła hacheki.
Miaka thelathini na mmoja alikata vitambaa kiwandani.
Hakuna umbo la ovyo, husema,
kuna umbo ambalo hujaona linakoshonewa.

Mimi ni mpangaji wake, mtu wa Kutaisi.
Nakanda mikate usiku, narudi alfajiri
na unga kwenye nyusi.
Ananisogezea kiti kwa mguu.
"Keti, Levan. Na usibahatishe."

Sheria haijabadilika: moja hadi tisa,
kwa mlalo, kwa wima, na ndani ya kila kipande,
pasiwe na tarakimu inayorudi
kama mgeni aliyekwisha kuaga.

"Tazama mstari wa juu."
Soksi imelala humo, vijumba vinane,
kisha kidole kimoja kimetoboka, kimeshuka
mstari wa pili, safu ya tatu.
Na kule mwisho, kona ya kulia,
kijumba cha tisa si cha soksi.
Ni cha jirani, kimepenya.
Anakigonga kwa ncha ya penseli.
"Mstari unazo zote tisa. Soksi inazo zote tisa.
Vinane wanashirikiana. Haya,
kilichotoka ni nini, na kilichoingia ni nini?"

Nanyamaza. Birika linanijibia.
"Ni kitu kimoja," nasema mwishowe.
"Kitu kimoja," anaitikia,
kama anayekunja futi baada ya kipimo.

Basi kidole na kona vina namba moja,
na anachokatazwa huyu, yule naye kakatazwa.
Safu ya tatu ina moja, nne, sita, nane: nje.
Safu ya mwisho ina mbili, tano, saba: nje.
Zimebaki tatu na tisa,
na mstari wa pili una tatu yake.
Tisa!
Anaiandika mara mbili, taratibu,
kama anayefunga vifungo vya mtoto.

Nyoka wa kushoto naye hivyo hivyo.
Ameteremka safu ya kwanza, kutoka mstari wa tatu hadi chini,
akakunja mkia vijumba viwili kulia:
moja na nane, zimechapwa tangu mwanzo.
Basi vijumba viwili vya juu, alivyoviacha,
vina moja na nane. Ipi wapi?
Mstari wa juu una nane tayari.
Moja juu, nane chini yake.
Ninaona kabla hajasema, na jasho linanitoka kwa furaha.

Saa mbili kasoro, saba mbili zinagongana mstari wa sita.
Tunarudi nyuma, kijumba kwa kijumba,
mpaka tunamkamata mwongo:
mkunjo wa gazeti, tuliodhani ni mpaka.
Anafuta. Anafuta sana. Karatasi inaota manyoya.

Ni hapo ninapouliza, bila kupanga.
Kinga, bintiye, yuko Rotterdam mwaka wa tatu;
mimi nalala chini ya medali zake za kuogelea.
"Alitoka yeye, nikaingia mimi," nasema.
"Kwa hesabu yako..."
Anapuliza vumbi la raba.
"Wewe unakoroma," anasema.
Kisha, akiwa ameinama bado:
"Tarakimu hazina sauti, Levan.
Ndiyo maana zinaazimana viti."

Hatuongezi neno. Penseli inaendelea,
mbili hapa, kwa hiyo sita kule,
kwa hiyo, kwa hiyo,
mpaka kimebaki kijumba kimoja
ambacho hata paka angekijaza.
Ananipa penseli.

Naandika nne.
Nne zake zote zimefungwa juu, kama mahema;
yangu iko wazi, nilivyofundishwa kwetu.
Katika vijumba themanini na kimoja
ni hiyo tu iliyoandikwa na mkono mgeni.
Anaitazama kwa muda.
Raba iko karibu na kidole chake.

Anaamka kwenda kumimina chai.